Mafuta ya Taarifa ya Jioni

Swali lililoninyima usingizi msimu ule lilikuwa dogo kiasi cha kuniaibisha mbele ya watu: kituo cha redio kikiwaka kwa mafuta ya mtu mmoja, taarifa ni ya nani? Nililigeuza huku na huku. Nilijiambia kwamba mafuta ni mafuta tu, hayana mdomo. Kisha nikajijibu kwamba mwenye mafuta anao. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi ninao, na kwamba mdomo uliosoma ni wangu, si wa mwenye mafuta, na hapo usingizi ukawa umekwisha kabisa, nikabaki kusikiliza vyura wa Lubunga.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya mawasiliano chuo kikuu, na nilikuwa stajieri, kama tunavyomwita hapa mtu anayefanya kazi akingoja kuajiriwa, katika kituo cha mkoa cha redio ya taifa. Nilisoma taarifa ya jioni kwa Kiswahili, baada ya ile ya Kifaransa na ile ya Kilingala. Mshahara sikuwa nao. Nilikuwa na ahadi. Mkuu wa chumba cha habari, ambaye sote tulimwita Chef, aliniambia kwamba jina langu limetumwa Kinshasa ili niandikwe kuwa mfanyakazi wa serikali. Jina lako liko njiani, alikuwa akisema kila nilipouliza, kwa hiyo nikaacha kuuliza, lakini sikuacha kulifikiria. Nililiona jina langu likirudi na kibali, limekaa juu ya mizigo katika boti la kupanda mto, linapigwa jua, linashuka kila bandari kununua chikwangue, mkate wa mihogo. Kila nilichofanya nilikipima na lile jina. Nikicheka kwa sauti kwenye korido, je, litarudi nyuma? Nikichelewa kwa sababu ya mto, je, litashushwa njiani?

Wakati jina linasafiri, aliyenilisha ni mama mkubwa, dada wa mama yangu, muuza samaki wakavu katika soko la Lubunga. Nililala kwake, na kila siku nilivuka mto kwa mtumbwi kwenda kazini mjini, jioni nikarudi.

Ubao wa mbele ya kituo chetu uliandikwa kwamba redio ni ya taifa, maana yake ni ya kila raia. Darasani nilijifunza vilevile, na nilipata alama nzuri kwa kueleza kwamba chombo cha umma hulipwa na umma na huwajibika kwa umma. Katika mtihani sikuulizwa habari za mazutu, yaani dizeli. Pesa za kuendesha kituo zilitoka mji mkuu, na zilipotoka zilifika zimechoka. Umeme ulitoka kwenye bwawa la Tshopo. Mashine za pale zikiamka vizuri tulisikika, zikigoma, fundi wetu wa mitambo alizunguka nyuma ya jengo kuwasha jenereta, ambayo hapa huitwa grupu, nayo ilikunywa mazutu kama bwana harusi. Mazutu hayo hayakuwa katika bajeti ya mtu yeyote.

Ndipo ilipozaliwa desturi ambayo sikumpata mtu aliyeianzisha. Aliyetaka shughuli yake isikike jioni alikuja na bidoni, yaani dumu, ya mazutu. Mchungaji mwenye kongamano, mfanyabiashara anayefungua duka, chama cha wanafunzi, mheshimiwa. Chef aliita jambo hilo kusaidia antena. Habari ya mwenye bidoni ilitangulia, na haikukatwa. Ungemwambia mtu kwamba amenunua habari angekasirika kwa dhati, kwa kuwa huku kwetu huendi nyumbani kwa watu mikono mitupu, na kituo kilikuwa kama nyumba.

Sitaki msomaji adhani kwamba niliishi kati ya wezi. Chef alikuwa na koti lililofubaa mabegani, na alifika kazini kwa miguu. Fundi, niliyemwita tonton, yaani mjomba, alikuwa ameunganisha nyaya za mtambo kwa vipande vya nyaya za simu za zamani na uvumilivu. Watu hawa walifanya sauti ya kituo isizimike katika miaka ambayo hakuna aliyewauliza wanaishije. Hilo ndilo lililonitesa. Kama wangekuwa wezi ningelala vizuri.

Basi, siku moja alikuja mshauri wa mheshimiwa mmoja na bidoni yake na karatasi yake. Karatasi ilisema kwamba gati la Lubunga, pale mitumbwi inapopakia na kushusha watu, limetengenezwa upya kwa juhudi za mheshimiwa, na wananchi wanashukuru. Nilikuwa nimelipita asubuhi ile nikiwa nimeshika viatu mkononi. Nilimtazama Chef. Chef aliitazama bidoni. Nikajiambia kwamba pengine wamelitengeneza mchana, nikiwa kazini. Mtu aliyesoma anaweza kujiambia jambo kama hilo na kumaliza kulisema bila kucheka. Nikaichukua karatasi, nikaitafsiri vizuri, nikaisoma hewani taratibu.

Jioni hiyo hiyo niliteremka kutoka kwenye mtumbwi juu ya mbao zile zile za gati zilizooza, na katikati palikuwa na lile pengo ambalo akina mama huliruka na mabeseni kichwani. Mpiga kasia alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Wote pale ufukoni walikuwa wamenisikia, na wengi walinijua kwa sura.

Mmoja alinisihi nivae viatu, kwani kazi ya ujenzi imekwisha. Mwingine alisogea pembeni kwa heshima kubwa ili madame journaliste, bibi mwandishi wa habari, apite kwenye sehemu mpya. Nilibaki na viatu mkononi, nikakanyaga tope.

“Muache,” alisema mpiga kasia. “Ile gati ya muzuri iko mule ndani ya redio. Ukitaka kuipita, ingia kwanza ndani ya ile poste ya redio.”

Walicheka hadi wavuvi walioko mbali wakauliza kuna nini. Nami nilicheka, na kucheka kwangu kulinifukuza hadi nyumbani.

Mama mkubwa hakucheka. Alikuwa anapanga samaki kwenye kapu, akaniuliza ni nani aliyenipa maneno yale niliyosoma. Nikamweleza habari ya bidoni. Nilieleza kwa urefu, kama ninavyoeleza kila kitu: bajeti, mji mkuu, bwawa, mashine, uhuru wa chombo cha umma katika mazingira magumu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisimulia kwamba zamani, akiwa msichana, palikuwa na mtu wa kodi ya redio. Alipita mtaani na baiskeli, kila mwenye redio alipe. Akisikika kwa mbali, babu yangu alizima redio na kuificha ndani ya kikapu cha majani ya mihogo, na familia nzima ilikaa kimya ikimtazama yule mtu kama watu ambao hawajawahi kusikia muziki maishani mwao.

“Ile wakati tulilipa kwa nguvu,” alisema. “Sasa hatulipi, na hatuwezi kuuliza. Bon. Na sisi tukileta mazutu?”

Nilimwambia haitakuwa sawa. Kama mheshimiwa hanunui habari, wao pia wasinunue. Na kama ananunua, basi kosa halirekebishwi na mnunuzi wa pili. Nilifurahia sentensi hiyo. Yeye alifunika kapu.

“Donc ile ya uongo inalipiwa, na ile ya kweli inangojea bure?”



Wanawake wa soko walichanga. Niliwaona wakipitisha neno kutoka meza hadi meza, na kila siku nilipata hofu mpya. Niliogopa Chef atadhani nimewatuma. Niliogopa watacheka kituoni jinsi ufukoni walivyonicheka. Hofu iliyokaa chini ya hizo zote ni kwamba wangefanikiwa, gati lingesemwa lilivyo, na sababu ingekuwa ileile, bidoni. Na jina langu liko wapi wakati huu? Labda bandari ya Mbandaka, nilidhani, na tayari limesikia.

Walivuka wakiwa watatu, vitenge vya aina moja, mama mkubwa mbele na bidoni mkononi. Mimi nilijifanya natafuta kanda katika chumba cha kumbukumbu, mlango nikauacha wazi kidogo. Chef aliwapokea vizuri sana, aliagiza viti. Walieleza walilotaka: isomwe kwamba gati halijatengenezwa, kwamba mama mmoja ameteguka mguu akiwa na mzigo, kwamba ushuru unatozwa pale kila siku. Chef aliitikia kila neno. Kisha akamwita tonton.

Tonton alifungua kifuniko, akanusa, akachovya kidole, akanusa tena. Aliwauliza kwa upole wamenunua wapi. Hapo ikajulikana. Neno lililopita sokoni lilikuwa leteni mafuta, na kila mmoja alileta ayajuayo. Wengine walinunua petroli ya pikipiki kwa wanaoiuza kwa chupa kando ya barabara. Wengine walipata mazutu kwa madereva wa malori ya njia ya Bafwasende. Mmoja, mwenye nyumba isiyo na umeme, alimimina mafuta ya taa yake. Yote yalikuwa ndani ya bidoni moja, yamechanganyika, yananuka kama karakana.

“Hii itaua grupu,” alisema tonton, na alikifunga kifuniko taratibu, kama anayemfunika mtoto.

Chef alifungua mikono. Aliwashukuru sana akina mama. Aliwaambia kwamba moyo wao ameuona, lakini bila mafuta, antena ingefanyaje. Nadhani alikuwa na huruma ya kweli, na nadhani pia alishusha pumzi.

“Kama ilikuwa muzuri, mungesoma?” aliuliza mama mkubwa.

“Tungeangalia, mama.”

Mama mkubwa akageuka, akaniona mlangoni na kanda tupu mkononi. Hakuniita. Chef alipomwambia warudi na bidoni yao, alikataa. Tumeileta, alisema, inabaki. Ikabaki kwenye korido, karibu na mlango wa studio, na kila jioni kabla ya kuingia kusoma niliipita, na harufu yake iliingia nami hadi kwenye maikrofoni.

Kwa siku kadhaa nilijaribu kuianzisha habari hiyo kichwani, nikapanga hoja, nikazipangua. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaona kwamba siwezi kuacha kazi ambayo sijapewa. Nilifikiria kuwaeleza wakubwa wa Kinshasa, lakini nilijiuliza ni kwa bahasha ipi, na je, haitakutana njiani na jina langu.

Wakati huo alifariki jirani yetu, mstaafu wa reli. Siku ya kumaliza matanga, kama inavyofanyika kwetu, msemaji wa familia alisimama mbele ya watu wote na kutaja michango: nani ameleta nini, na kimefanya kazi gani. Mfuko wa mchele wa fulani, umelisha waliolala hapa. Mbao za fulani, ni za jeneza. Kuni za majirani wa upande wa reli, mnaona majivu yake. Watu husikiliza sehemu hiyo kuliko mahubiri. Mpwa wa marehemu, aliyetoa mchele, alikuwa amekaa kiti cha mbele kuliko wadogo wa marehemu wenyewe. Mchele wake ulipotajwa, vichwa viligeuka, na kila mtu akaelewa kiti kile kimetoka wapi. Hakuna aliyemlaumu. Ilijulikana tu.

Msemaji alipomaliza, mama mkubwa alisimama. Wanawake wa soko walikuwa wameleta kapu la samaki siku ya kwanza, na halikutajwa.

“Papa, samaki yetu hukusema.”

Yule mzee msemaji alishusha sauti. Alieleza kwamba samaki wale waliharibika kwa joto na wakatupwa, na familia iliona ni heshima kunyamaza.

“Sema ilioza. Lakini sema. Usiposema, kesho batu batasema hatukukuja, ao batasema wewe uliikula.”

Uwanja mzima ulicheka, na mzee alicheka pia, akajisafisha koo, akatangaza kwa sauti ya kwanza: wanawake wa soko, kapu moja la samaki, lilioza, tunawashukuru. Mama mkubwa akakaa. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikasahau kukinywa. Nilikuwa nimetumia majuma nikitafuta namna ya kukataza bidoni, na namna hiyo haikuwepo, kwa sababu pasipo bidoni pangekuwa na kimya. Sikuwahi kufikiria kuitaja tu.

Bila shaka nililifikiria hilo nalo hadi likaanza kuchakaa. Nikitaja, je, nitakuwa nawashukuru au nawashtaki? Nikitaja na waleta mafuta wakaacha kuleta, nani atakuwa amezima redio? Na hata nikiwa sahihi, mimi ni nani, mtu ambaye jina lake bado halijafika?

Kesho yake umeme ulikatika mchana, na mshauri alifika tena na bidoni. Safari hii karatasi ilisema kwamba mheshimiwa ametembelea gati la Lubunga na kupokea shukrani za wakazi. Nilikwenda ofisini kwa Chef kabla ya saa ya taarifa, kwa kuwa niliona ni utovu wa adabu kumshtukiza kupitia spika. Nilimwambia nitasoma mafuta. Hakunielewa, nikaeleza: mwanzo wa taarifa, nitasema nani ameleta mazutu ya leo, kama inavyofanyika kwenye matanga. Na bidoni ya korido pia.

Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi.

“Ukisoma, hawataleta tena. Tutanyamaza, ma fille. Unajua kimya cha redio? Mimi ninakijua. Watu bafikiri kuna vita.”

Nilisema ninajua kwamba anakijua. Nilisema sisomi dhidi yake. Nilisema mambo mengi, na mengine niliyasema mara mbili. Alitazama dirisha ambalo nyuma yake tonton alikuwa anamimina mafuta.

“Jina lako iko njiani,” alisema mwishowe. “Na njia iko murefu.”

“Najua, Chef.”

Alivaa miwani, akachukua koti lake mgongoni mwa kiti. Alisema ana mgeni wa kupokea mjini, hatakuwepo wakati wa taarifa. Mlangoni aligeuka. “Bakiuliza, ni wewe.” Hakusema usisome. Nilibaki nimesimama nikipima maneno yale, kama ni kitisho au ruhusa, na nikatambua kwamba nikiyapima hadi mwisho, saa ya taarifa itapita.

Nikaingia studio. Nyuma ya kioo tonton aliweka mkono kwenye kitufe cha sauti. Nilikuwa nimemweleza kwenye korido. Alikuwa amejibu tu kwamba grupu ikiwa inawaka, yeye hufungua maikrofoni. Kiashiria kiliwaka.

Niliwasalimu wasikilizaji. Nikasema kwamba kabla ya habari, ninataja mafuta ya leo. Umeme umekatika. Mnatusikia kwa bidoni ya mazutu iliyoletwa na ofisi ya mheshimiwa, ambaye habari yake mtaisikia pia. Wanawake wa soko la Lubunga nao waliwahi kuleta bidoni moja. Mafuta yao yalichanganyika, hayakuweza kuwashwa, yapo hapa kwenye korido, tunawashukuru. Walikuja kusema kwamba gati la Lubunga halijatengenezwa.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusimama. Ndani yake nilisikia jenereta nyuma ya ukuta, na nilimwona tonton akitazama mkono wake mwenyewe, ambao haukusogea.

“Mimi nimelipita asubuhi ya leo,” nikasema. “Halijatengenezwa.”

Kisha nikageuza karatasi na kuanza habari ya kwanza.